Ulimi wa Mistri Kanji

Wanangu mnaosomea majokofu na mitambo ya kupoza hewa, nawaona mkipita hapa mlangoni kwangu Kibokoni mkitoka chuoni, geji za kupimia gesi, nyekundu na buluu, zikining'inia mabegani, nami hufurahi sana. Mjukuu wangu Nasoro ni mmoja wenu. Juzi aliniuliza, "Babu, nyinyi mlisoma kitabu gani?" Nikamwambia kitabu changu kilikuwa Mhindi mmoja mfupi, mwenye hamaki nyingi na meno ya mbele manne. Akadhani namfanyia mzaha. Ndipo nikamwomba karatasi na kalamu.

Niliingia kiwanda cha barafu, upande wa Kilindini, vita vikuu vikiwa vimepamba moto. Bandari ilikuwa imejaa manowari na kila meli ilitaka barafu. Mimi nilikuwa kijana wa kudarizi kofia na baba yangu, na sikujua tofauti ya spana na koleo. Kilichonipeleka huko ni joto. Nilisikia kuna mahali watu hulipwa kukaa penye baridi, nikasema kazi hiyo ni yangu. Hakuna aliyeniambia kwamba baridi yote imo ndani ya tangi, na mtu wa kuitengeneza hukaa nje, ubavuni mwa pampu, akitoka jasho kumshinda mchoma mahamri.

Msifikiri ilikuwa mashine ya kubonyeza swichi. Palikuwa na pampu moja ya kusukuma gesi ya amonia, gurudumu lake lapita kimo cha mtu. Amonia ilizunguka ndani ya mabomba, na mabomba yakapoza tangi refu la maji ya chumvi. Maji ya chumvi hayagandi upesi. Huwa baridi kuliko barafu yenyewe, na bado ni maji. Ndani ya tangi hilo tulitumbukiza makopo marefu ya bati yenye maji ya kunywa, midomo yake ikibaki juu. Ukingoja siku moja na nusu, kila kopo lina jiwe zima la barafu. Lishikeni hilo la midomo kubaki juu, maana mbele huko ndilo lililonitia aibuni.

Fundi mkuu alikuwa Mistri Kanji, mtu wa Kachi huko Bara Hindi. Alikuwa amekaa Mombasa miaka ishirini na kitu na Kiswahili chake hakikupata kunyooka, lakini kila alichokisema kilieleweka. Siku yangu ya kwanza koki ilivuja, amonia ikanichapa usoni, nikakimbia hadi langoni machozi yakinitoka. Alinifuata polepole, ameshika kitambaa kilicholoweshwa maji, akanifunika nacho pua na mdomo.

"Wewe nakimbia vizuri," akaniambia. "Kesho kimbia na hii kitambaa. Halafu rudi, funga koki."

Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza. La pili lilikuwa mkono. Alinikataza kutazama geji mpaka kwanza niguse bomba kwa mgongo wa kiganja na kumwambia geji itasema nini. Nikikosea, nilirudi kufagia. Baada ya miezi minane geji na mkono wangu vilikuwa havitofautiani sana. La tatu lilikuwa kijiti cha mpingo, urefu wa mkono. Ncha moja waiweka kwenye chuma cha pampu, ya pili sikioni, nawe wasikia vali, kile kilango cha gesi, ikigonga mle ndani. Vali nzima husema neno moja tu, kavu. Vali iliyochoka huburura miguu. Nyinyi mna vyombo bora, vitumieni, lakini siku betri ikifa msisimame mkitazamana.

Kuandika nako kulikuwa na vituko vyake. Mimi sikwenda skuli, nilikwenda chuo cha Kurani, kwa hiyo Kiswahili changu nilikiandika kwa herufi za Kiarabu. Kila alichosema Mistri nilikitia katika daftari, pamoja na michoro. Na kwa kuwa mkono wangu ulizoea kuanza kulia, mitambo yote niliichora kuanzia kulia. Pampu kulia, tangi kushoto, gesi ikienda kinyume cha michoro yenu yote. Mistri alipoiona alikigeuza kitabu juu chini, akakiweka mbele ya kioo, kisha akanirudishia. "Gesi hapana jua kusoma," akasema. "Acha hivyo hivyo."

Sasa nije kwenye jambo ambalo sisi wafanyakazi tulimchukia nalo mtu huyu. Kiwandani tulikuwa watu kumi na wawili, wote tumefunga Ramadhani isipokuwa yeye, maana hakuwa Muislamu. Mji wa Kale nao, kila Ramadhani, baada ya alasiri watu walipanga mstari penye banda letu karibu na Ndia Kuu, na vikapu na ndoo, wakingoja barafu ya kufuturia. Basi asubuhi, mawe yakitolewa, sisi koo zimekauka, Mistri Kanji alikuwa akichukua sindano ya kuvunjia barafu, anachimba kipande katikati ya jiwe, anakitia mdomoni na kukifyonza. Jiwe moja, la pili, la tatu. Tena alifumba macho. Mzee Hamisi, mkuu wa wapakizi, alikuwa akimpa mgongo na kunong'ona, "Mtazameni. Hata haya hana." Nami nilimcha kwa ufundi wake, lakini kwa hilo nilimwona hana adabu.

Mwaka ninaousimulia vita vilikuwa vimekwisha, sukari bado ilikuwa haba, nami nilikuwa nimeoa miezi mitatu. Mke wangu Zuhura alikuwa bi arusi hasa, hina haijafutika vizuri, na tulikaa kwa mama yangu. Mistri alitaka kurudi kwao Kachi akafe karibu na nduguze. Lakini mtambo wa amonia haukuruhusiwa kuendeshwa bila mtu mwenye cheti. Tajiri wetu, Bwana Awadhi, Mwarabu Mshihiri mwenye maneno machache, alikuwa amekubali kunipeleka mimi kwenye mtihani mbele ya mkaguzi wa mitambo, baada tu ya Idi. Nikipita, mimi ndiye fundi. Nisipopita, au Bwana Awadhi akighairi, ataletwa fundi kutoka Bombei nami nibaki kubeba makopo mpaka mgongo ugome. Niliutaka mtihani ule kuliko nilivyotaka kula.

Ramadhani ilipofika katikati, Mistri akashikwa na homa. Aliniambia kabla hajalala, "Tangi napungua. Ongeza maji ya chumvi, nusu shubiri. Nusu, Bakari."

Nikafungua koki. Nikaketi juu ya ndoo na daftari langu, nikisubiri. Na kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi mzuri, nikaanza kujisomea: amonia yatoka pampu ikiwa moto, yaingia bomba la kupozea, yageuka maji. Nilikuwa nimefumba macho, nayatamka kwa sauti kama nilivyohifadhi Kurani utotoni. Nilipoyafumbua, maji ya chumvi yalikuwa vidole viwili tu chini ya midomo ya makopo. Nikafunga koki nikasema alhamdulillahi, hayajaingia. Nilisahau kwamba ndani ya tangi mna kipepeo cha chuma kinachokoroga maji mchana kutwa. Kilikuwa kikirusha vijiwimbi, na kila kijiwimbi kilitia tone katika makopo ya safu mbili za mbele.

Keshokutwa yake mawe yalipotolewa yalikuwa safi pembeni, meupe katikati, kama siku zote. Yakapakiwa mkokoteni, yakafunikwa unga wa mbao na magunia, yakaenda mjini.

Magharibi ile nilikuwa nyumbani. Adhana ikalia, tukala tende, Zuhura akanipa gilasi ya sharubati ya ukwaju na kipande cha barafu kikielea. Mama alikuwa ametangulia kunywa. Niliona akiweka gilasi chini taratibu, akapangusa midomo kwa ncha ya kanga, akasema, "Ukwaju wa mwaka hunu una ladha yake." Nikanywa. Wanangu, ilikuwa chumvi. Na mimi, badala ya kunyamaza kama mama, nikamtolea Zuhura neno la utani ambalo si la kuandikwa hapa. Mama akatazama pembeni. Zuhura akachukua gilasi yangu, akaonja, na uso wake ukabadilika.

"Mimi niliionja," akasema. "Alasiri, kabla ya kutia barafu. Kwa ncha ya ulimi, nikatema. Ilikuwa tamu."

Akakimbilia dirisha la uani, akamwuliza jirani yetu Bi Rukia kama sukari ya mgao huu ina nini. Bi Rukia akajibu kwamba yake i sawa, sharubati yake nzuri. Dirisha la upande wa pili, Mwana Esha alijibu kwa sauti ya chini kwamba yeye leo ameharibu, hajui vipi, na mumewe ametoka hakusema neno. Zuhura akarudi jikoni akalia, maana sukari ya siku nne ilikuwa ndani ya mtungi ule wa sharubati, na mkwe wake amekaa pale anamhurumia.

Hapo ndipo tangi lilipokuja machoni mwangu. Nikachukua kipande cha barafu kilichobaki, nikakilamba upande wa nje. Kitamu. Nikakivunja, nikalamba sehemu nyeupe. Bahari.

Hili liandikeni. Maji yakiganda huanza pembeni kuja ndani, na chumvi huisukuma mbele yake, kama afagiaye ua, mpaka irundikane moyoni mwa jiwe. Aliyepata kipande cha pembeni alikunywa sharubati, aliyepata cha moyoni alikunywa chumvi, na wote wamenunua kwenye mkokoteni mmoja. Ndiyo maana hakuna aliyeishuku barafu. Kila mwanamke aliyeharibikiwa alijua jirani yake hakuharibikiwa, akajilaumu mwenyewe.

Nikamwambia Zuhura, "Ni barafu. Barafu ndiyo mbaya, si wewe."

"Kwani nyinyi hamuionji?"

"Tumefunga."

"Nami nimefunga," akasema, akinitazama kwa macho mekundu. "Naonja na kutema. Mwanamke gani mjini hapa hafanyi hivyo? Sheikh gani alikataza?" Kisha akauliza, "Mwana Esha atajuaje kuwa si yeye?"

Nikavaa kofia nikatoka.

Asubuhi yake nilikwenda kwanza chumbani kwa Mistri. Alikuwa kitandani, blanketi hadi kidevuni. Nikamweleza yote. Hakuuliza habari ya koki wala kipepeo. Aliuliza moja tu.

"Nani naonja?"

"Hakuna, Mistri. Sote tumefunga."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika nikamletea maji. "Miaka ishirini," akasema, "Ramadhani ishirini, mimi naonja kwa nyinyi yote. Meno nakufa kwa baridi. Halafu ile mzee Hamisi nageuza mgongo."

Nilisimama pale nikiwa sina pa kuuweka uso. Yale meno manne tuliyoyafanyia mzaha, na macho aliyoyafumba tukadhani ni raha, kumbe alikuwa akiutafuta utamu wa futari yetu. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia hata siku moja. Akasema alidhani tunajua, maana fundi lazima aonje, na kwamba yeye naye alituona wakali kidogo mwezi ule, akadhani ni njaa. Kisha akaniambia niende kwa tajiri kabla tajiri hajanijia.

Bwana Awadhi alinisikiliza akihesabu tasbihi. Nilipomaliza aliuliza, "Kuna aliyekuja kulalamika?"

"Hakuna, Bwana."

"Basi punguza maji ya tangi, onja kuanzia leo, na ufunge mdomo. Mji ukisikia barafu yetu ina chumvi, nani atanunua? Ukilisema, Bakari, mtihani usahau. Nitaandika Bombei."

Nikasema ndiyo Bwana. Nikapunguza maji, nikaosha makopo, nikaonja mawe yote moyoni nikitema, yenye chumvi nikayatupa, huku Mzee Hamisi akinitazama kinywa wazi. Nilipomwambia sababu aliketi chini juu ya gunia. Mchana kutwa nilijiambia tajiri ana haki, watu watasahau, sharubati moja si maiti. Lakini masikio yangu yalikuwa yamejaa sauti ya Mwana Esha pale dirishani.

Alasiri nikaufuata mkokoteni mpaka Mji wa Kale. Mstari ulikuwa mrefu, wanaume watupu, wamechoka, hawazungumzi. Bwana Awadhi alikuwa amekaa kwenye kiti chake kibandani. Nikapanda juu ya mkokoteni, nikawaamkia, wakaitikia.

"Jamaa," nikasema, "barafu ya jana ilikuwa na chumvi moyoni. Kosa ni langu, mimi Bakari, nilijaza tangi kupita kiasi. Aliyefuturu sharubati ya chumvi, asimlaumu mtu wa nyumbani kwake. Wake zenu hawakukosea. Ya leo nimeionja mwenyewe, jiwe kwa jiwe."

Mbele kabisa ya mstari alikuwa mzee mmoja mwuza viatu wa Mkanyageni, mkali anayejulikana. 

"Mimi sijasema na mke wangu tangu jana," akasema. "Yuwanisalimu, simjibu."

Akatazama ndoo yake tupu. Akageuka, akaondoka bila barafu. Wa nyuma yake akamfuata, kisha mwengine, wakienda kwa haraka na wakijifanya hawana haraka. Baada ya muda mfupi mstari wote ulikuwa umevunjika na mimi niko juu ya mkokoteni na barafu yangu tamu inayeyuka. Nikamgeukia Bwana Awadhi kupokea hukumu.

Alikuwa akitafuta viatu chini ya kiti. "Jana," akasema, bila kuniangalia, "nilimwambia mama watoto kwamba mamake hakumfunza kupika." Akavaa viatu. "Kaa na barafu. Wakirudi, uwauzie." Naye akaenda zake.

Walirudi, karibu na magharibi, wengine wakicheka wenyewe, wengine na watoto. Hakuna jiwe lililobaki. Lakini tajiri hakurudi, na habari ya mtihani sikuisikia siku ile wala ya pili. Siku ya tatu likaja kiwandani sinia, limefunikwa kawa, kisha la pili, na la tatu: mahamri, sambusa, kaimati. Yalitoka kwa kina mama wa mitaa mbalimbali, na yalikuwa na ujumbe mmoja, uliopitia kwa mke wa Bwana Awadhi mwenyewe. Barafu watanunua, maadamu inaonjwa na yule aliyesema. Fundi wa Bombei hawamjui.

Bwana Awadhi aliniita, akatia sahihi karatasi yangu ya mtihani mbele yangu. "Nimeshindwa nyumbani kwangu," akasema. Nadhani alitabasamu, ila ndevu zilikuwa nyingi.

Mistri Kanji alipopona na kurudi kazini, asubuhi hiyo Mzee Hamisi ndiye aliyechukua sindano, akachimba kipande moyoni mwa jiwe la kwanza, akakipeleka kwa mikono miwili. "Tafadhali, Mistri," akasema, "na utuwie radhi." Wapakizi wote walikuwa wamesimama. Mistri akakifyonza, akafumba macho kama desturi yake. "Tamu," akasema, na sisi tuliofunga tukafurahi kana kwamba tumekila sisi.

Mtihani nao ulikuja. Mkaguzi alikuwa Mzungu mrefu aliyesema Kiswahili cha kuamrisha. Alinitaka nichore mzunguko wa gesi, nikauchora kutoka kulia, akasema nimeugeuza. Nikamwomba asimame upande wa pili wa pampu aitazame mashine kutoka huko. Akazunguka, akatazama mashine, akatazama karatasi, akarudi akaendelea na maswali. Swali la mwisho aliuliza barafu ikitoka katika kopo nafanya nini kwanza. Nikamwambia naonja, moyoni. Akasema hilo halimo katika kitabu chake, akaliandika pembeni. Cheti kile ninacho hadi leo, mchwa wamekula kona moja tu.

Kazi hii nimeifanya mpaka nikastaafu, kutoka amonia hadi hizo gesi zenu zisizo na harufu. Nilidhani ningemalizia hapo, pa cheti, maana ni mahali pazuri pa kumalizia. Nasoro akamsomea bibi yake karatasi hizi tangu mwanzo. Zuhura alisikiliza mpaka mwisho akipepeta mchele, kisha akasema, "Ameacha neno alilonambia."

Kweli nimeliacha. Nilimwuliza, mbele ya mama yangu, kama kwao sharubati hutiwa papa mkavu.

"Na tena," akasema, "alipanda mkokoteni akawaombea radhi wake wa mji mzima. Wanaume wote walirudi majumbani mwao. Yeye alirudi akaniambia, futari i wapi."

Nimekaa na kalamu hii, nimejaribu kukumbuka kama si hivyo. Ni hivyo. Miaka yote hii nimekuwa nikikisimulia kisa hiki barazani na kusifiwa, na mtu wa kwanza niliyemkosea sijamwambia neno. Basi naliandika hapa mbele yenu, wanangu, mlishuhudie: Zuhura, nilikosa mimi, nisamehe. Nasoro amempelekea jikoni akamsomea. Amerudi na jibu, kwamba bibi yake amesikia, na hiyo radhi niliyoomba anaionja kwanza.